Mtihani wa uadilifu kwenye maombi ya kazi Marekani: mwenye baipola au sonona ajibuje?

Dawati_la_Ajira:

Habari zenu wanajukwaa.

Nauliza kwa niaba ya waombaji kazi ninaowasaidia hapa Marekani, wengi wao Wakongo, Warundi na Wakenya. Wanaomba kazi za ghala, maduka makubwa, ulinzi na kuhudumia wazee. Ombi likishajazwa mtandaoni, inatumwa linki ya mtihani: sentensi 50 hadi 100, na kwa kila moja unachagua kuanzia "nakubali kabisa" hadi "nakataa kabisa". Nyingine ni za wizi ("Karibu kila mfanyakazi huchukua kitu kidogo cha mwajiri"). Nyingine ni za moyoni ("Hisia zangu hupanda na kushuka bila sababu").

Baadhi yao wana baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) au sonona (huzuni nzito isiyoondoka). Wanatumia dawa, wametulia, kazi wanaiweza. Hizo sentensi za moyoni ndizo zinazowakwamisha. Wakijibu kweli wanaogopa kuenguliwa, wakijibu uongo wanaogopa kunaswa. Naomba wenye ujuzi mnisaidie: mtihani huu unapima nini hasa, na maswali ya hisia yameingiaje kwenye mtihani wa uaminifu? Sheria inauruhusu? Na mwombaji ajibuje, na kama ni kusema ugonjwa wake, auseme wakati gani?

Vipimo_na_Watu:

Mkuu, nichukue la kwanza. La sheria kuna wanaolijua vizuri zaidi humu.

Zamani maduka na benki za Marekani zilikuwa zikiwapima waombaji kwa poligrafu, ile mashine ya kugundua uongo. Mwaka 1988 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoipiga marufuku kwa sehemu kubwa ya waajiri binafsi. Walioachiwa nafasi ni serikali yenyewe, kampuni za ulinzi na magari ya fedha, na wanaotengeneza au kusambaza dawa zinazodhibitiwa, pamoja na uchunguzi wa hasara iliyokwisha kutokea kazini. Sheria ile haikugusa maswali ya kuandika. Biashara ikahamia kwenye karatasi, na leo iko kwenye simu ya mwombaji.

Mitihani yenyewe ni ya aina mbili, na kuzitofautisha kuna maana kubwa kwa watu wako.

Aina ya kwanza inauliza wizi waziwazi: msimamo wako kuhusu wezi wa kazini, unadhani asilimia ngapi ya watu huiba, na wewe binafsi umewahi kuchukua nini. Hapa sonona inaumiza kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Kujilaumu kupita kiasi ni mojawapo ya dalili za sonona zinazotumika kuutambua ugonjwa. Mtu wa namna hiyo akiulizwa jumla ya vitu alivyowahi kuchukua kwa mwajiri, anahesabu hadi kalamu na karatasi za miaka 10 iliyopita. Asiyejilaumu anaandika sifuri. Mtihani unampa wa pili alama nzuri. Vivyo hivyo akiulizwa ni wangapi huiba: anayeona dunia imejaa giza anataja asilimia kubwa, na mtihani umejengwa juu ya dhana kwamba anayeona wezi wengi anajipima kwa kipimo hichohicho.

Aina ya pili haitaji wizi hata kidogo. Inapima tabia tatu: bidii na utaratibu, kuelewana na watu, na utulivu wa hisia. Nadharia yake ni kwamba mwenye hasira za haraka, wasiwasi na msukumo wa ghafla ndiye atakayevunja kanuni, atoroke kazini au agombane na wateja. Tabia hizo tatu zikichanganywa, mchanganyiko unauzwa kwa jina la "uadilifu". Mwajiri haoni mchanganuo. Anachopokea mara nyingi ni rangi: kijani, njano au nyekundu. Mtu mwaminifu kabisa, mwenye bidii, anayeelewana na kila mtu, anaweza kuangushwa na kipimo kile cha tatu peke yake, na kwenye kumbukumbu za kampuni akaonekana kama amekosa uadilifu. Hilo ni kosa kubwa la mitihani hii, na linawadhalilisha watu wasiostahili.

Kwa baipola kuna jambo jingine. Mtu anapokuwa amepanda, anakubali kabisa sentensi za kupenda hatari na kuamua haraka. Anaweza pia kukubali kabisa sentensi kama "Sijawahi kusema uongo maishani mwangu". Sentensi za namna hiyo zimetegwa makusudi kupima nani anajipamba. Ukizikubali nyingi, majibu yako yote yanatiliwa shaka.

Je, mitihani inafanya kazi? Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa 1993 na Ones, Viswesvaran na Schmidt ulipata uhusiano wa 0.41 (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili) kati ya alama za uadilifu na ufanisi kazini kama wasimamizi walivyoukadiria. Wauzaji waliishika namba hiyo. Mwaka 2012 Van Iddekinge na wenzake walirudia kazi hiyo kwa masharti makali zaidi kuhusu ubora wa tafiti, wakapata uhusiano mdogo zaidi kwa mbali. Kwa hiyo si uchawi, wala si bure kabisa. Kwa kundi la watu unaweza kupata faida kidogo, lakini hukumu juu ya mtu mmoja inakosea mara nyingi.

Fanya hesabu ya mfano. Waombaji 1,000, kati yao 100 wangeiba. Tuseme mtihani unawanasa 70 kati ya hao 100, na unawasingizia asilimia 30 ya wale 900 waliobaki. Waliowekewa nyekundu ni 70 jumlisha 270, yaani 340. Karibu wanne kati ya kila watano waliokataliwa hawakuwa na kosa.

Sheria_na_Kazi:

Naendelea hapo alipoishia.

Sheria kuu ni ile ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya 1990, inayojulikana kama ADA. Inawabana waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi. Majimbo mengine yanashuka chini ya hapo, California kwa mfano ni 5. Marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2009 yalisema kwamba ugonjwa unaokuja na kuondoka unahesabiwa kwa jinsi ulivyo unapowaka, na kwamba nafuu iletwayo na dawa haihesabiwi dhidi yako. Kanuni za utekelezaji zinaitaja baipola na sonona kubwa kwa majina, kuwa ni hali ambazo karibu kila mara zitakubalika kuwa ulemavu. Kwa hiyo usimwache mwombaji wako aseme "mimi nimepona kwa dawa, sheria hainihusu". Inamhusu.

Ajira imegawanywa katika vipindi vitatu. Kabla ya ofa ya kazi, mwajiri haruhusiwi kuuliza kuhusu ugonjwa wala kufanya kipimo cha kitabibu. Baada ya ofa yenye masharti, anaweza kuuliza na kupima, mradi wote wanaoingia kazi ya aina hiyo wapimwe vilevile. Ukishaanza kazi, anaweza kuuliza tu pale kazi yenyewe inapolazimu. Mtihani wako unakuja katika kipindi cha kwanza, na ndiyo maana swali zima ni: je, mtihani huu ni wa kitabibu?

Tume ya Usawa wa Fursa za Ajira, EEOC, inasema mtihani unaopima uaminifu, mapendeleo na mazoea si wa kitabibu. Unaoonyesha dalili za ugonjwa wa akili ni wa kitabibu. Wanaangalia mambo kama umetengenezwa kwa lengo la kufichua maradhi au la, unasimamiwa au kusomwa na mtu wa afya au la, na kwa kawaida hutolewa hospitali au la. Jambo moja tu linaweza kutosha.

Kesi ya kuijua ni Karraker dhidi ya Rent-A-Center, iliyoamuliwa na mahakama ya rufani ya mzunguko wa saba mwaka 2005. Kampuni ilikuwa ikitumia maswali ya MMPI, kipimo kilichozaliwa chuo kikuu cha Minnesota chenye mizani ya sonona, wasiwasi juu ya maradhi, shuku na kupanda kwa hisia, ili kuamua nani apandishwe cheo. Ikajitetea kwamba inatafuta tabia tu na hakuna mwanasaikolojia aliyeyasoma majibu. Mahakama ikakataa: kipimo kilichoundwa hata kwa sehemu kufichua ugonjwa wa akili ni kipimo cha kitabibu, na madhara yake kwa mgonjwa hayaondoki kwa sababu tu daktari hakukaa mezani.

Mwaka 2011 huko Rhode Island, tume ya haki za binadamu ya jimbo iliona msingi wa malalamiko dhidi ya maswali ya maombi ya CVS, kampuni ya maduka ya dawa, yenye sentensi kama ile ya kwamba hakuna faida kuwa na marafiki wa karibu maana hukuangusha siku zote. Kampuni ilikubaliana kuacha sentensi hizo. Jimbo hilohilo linakataza mtihani wa uaminifu wa kuandika kuwa msingi mkuu wa uamuzi wa ajira. Massachusetts imekwenda mbali zaidi: sheria yake ya vipima uongo inahusisha hata mtihani wa kuandika unaotumiwa kutoa hukumu juu ya uaminifu wa mtu. Kama waombaji wako wako huko, mtihani wa aina ile ya kwanza haufai kuwafikia kabisa.

Kuna mlango wa pili katika ADA ambao watu huusahau. Hata mtihani usio wa kitabibu ukiwaengua watu kwa sababu ya ulemavu wao, mwajiri lazima aonyeshe kuwa unahusiana na kazi yenyewe na kwamba biashara inauhitaji. Ugumu wake ni ushahidi. Mwombaji haoni alama zake, haoni ni mizani ipi iliyomwangusha, mara nyingi haambiwi hata kwamba mtihani ndio sababu. Sheria ipo. Kinachofichwa ni karatasi ya kuthibitishia, na waathirika wengi hawajui hata kwamba wamedhulumiwa.

Sasa la kusema ugonjwa. Kabla ya ofa, halazimiki kusema, isipokuwa anahitaji marekebisho ili aweze kufanya mtihani: muda wa ziada, chumba kimya, mapumziko katikati. Hapo anaomba kwa maandishi kabla ya kubofya "anza", anataja anachohitaji, na mwajiri anaweza kudai barua ya mtoa huduma inayoeleza hitaji hilo. Historia nzima ya ugonjwa haihitajiki. Baada ya ofa, akiulizwa kwenye fomu ya afya, ajibu kweli. Uongo wa hapo ni sababu halali ya kufukuzwa hata miaka baadaye, ilhali ukweli haumruhusu mwajiri kuondoa ofa mpaka aonyeshe kwamba mtu huyu, si wagonjwa kwa ujumla, hawezi kazi hata akirekebishiwa mazingira, au ni hatari ya kweli. Taarifa hiyo ikae kwenye faili la siri, mbali na faili la kawaida la mfanyakazi.

Msiichanganye na fomu ya CC-305 inayotokea kwenye maombi ya kampuni zenye mikataba na serikali ya shirikisho. Nayo inataja sonona na baipola kama mifano na kuuliza "ndiyo", "hapana" au "sitaki kujibu". Ni ya hiari, ni ya takwimu, na majibu hayatakiwi kumfikia anayeamua ajira.

Muuguzi_Afya_ya_Akili:

Ndugu zangu wamesema vizuri. Niongeze upande wa kujibu na wa dawa, maana hapo ndipo mtu anaharibu hata asipokuwa na kosa.

Sentensi za mitihani hii zinauliza mtu alivyo kwa kawaida. Anayetoka kwenye wiki mbaya ya sonona anajibu kwa macho ya wiki hiyo, na kipimo cha utulivu wa hisia kinashuka wakati huohuo kwa sababu ya hali ya sasa, si tabia yake ya kudumu. Mwambie mwombaji ajiulize: katika miezi ambayo nimetulia na dawa zangu, sentensi hii ni kweli kwangu? Jibu la hapo ni la ukweli kamili. "Hisia zangu hupanda na kushuka bila sababu" kwa mtu aliyetulia mwaka mzima jibu lake ni "hapana", na hajamdanganya mtu.

Asiingie kwenye mtihani akiwa katikati ya kipindi cha ugonjwa. Linki nyingi hubaki wazi siku kadhaa, na mwajiri anaweza kuombwa aongeze. Kampuni nyingi huzuia kurudia mtihani kwa miezi 6 hadi mwaka, kwa hiyo siku mbaya moja inafunga mlango muda mrefu. Anayetumia kwetiapini usiku asifanye asubuhi akiwa bado na usingizi wa dawa. Asiyelala usiku kucha kwa sababu amepanda, aonane na daktari wake kwanza. Hilo ni kubwa kuliko kazi.

Atumie kompyuta, si simu yenye chaji ndogo. Asome hadi mwisho wa sentensi, hasa zenye kukanusha mara mbili ("Si mara chache mimi kukosa subira"). Mtihani huuliza jambo lilelile mara mbili kwa maneno tofauti ili kupima kama unajibu kwa msimamo, na makosa ya lugha huonekana kama kujikanganya. Asiache nafasi tupu. Asijaze "kabisa" kila mahali. Kwenye "umewahi kuchukua nini", aandike vitu vya kweli na thamani ya kweli. Kalamu iliyosahaulika mfukoni si wizi, asiiweke. Na wewe mkuu, usimbofyee. Mfafanulie maneno, lakini jibu liwe lake, kwa sababu mwishoni anathibitisha kwamba amejibu mwenyewe.

Kipimo cha dawa za kulevya hufuata baadaye, na kisheria si kipimo cha kitabibu. Lithiamu, dawa ya baipola, haitafutwi humo. Kipimo cha kawaida cha aina 5 kinatafuta bangi, kokeini, opioidi, amfetamini na PCP. Shida ni majibu ya uongo kwenye kipimo cha haraka: dawa za sonona bupropioni na trazodoni zinaweza kuonekana kama amfetamini, lamotrijini kama PCP. Kwenye vipimo vipana zaidi, setralini inaweza kuonekana kama benzodiazepini (kundi la dawa za kutuliza wasiwasi) na kwetiapini kama methadoni. Mtu asikubali kukataliwa kwa kipimo cha haraka peke yake. Aombe sampuli ileile ipelekwe kwenye kipimo cha uthibitisho kinachotenganisha kemikali mojamoja. Klonazepamu na lorazepamu ni benzodiazepini kweli, hizo zinahitaji cheti cha daktari kilicho hai. Asitaje dawa kabla ya kuulizwa. Majibu yakitoka chanya ndipo mwajiri au daktari mhakiki (anayepitia majibu ya kipimo) ana haki ya kuuliza, na hapo ajibu haraka, akiwa na chupa yenye lebo ya duka la dawa.

Dawati_la_Ajira:

Nashukuru sana wote. Maswali mawili yamebaki. Kwenye mtihani mmoja, kabla ya ofa yoyote, kuna swali: "Umewahi kumwona daktari wa magonjwa ya akili au kutumia dawa za kutuliza hisia?" Mwombaji afanyeje papo hapo? Na kuna anayetaka kuendesha malori, ana baipola na anatumia lithiamu. Nimemwambia asubiri kwanza nipate uhakika.

Sheria_na_Kazi:

Swali hilo la kwanza haliko kwenye ukungu wowote. Ni swali la ulemavu kabla ya ofa, na haliruhusiwi. Apige picha ya skrini yenye swali lote, tarehe, saa na anwani ya ukurasa. Ahifadhi barua pepe iliyoleta linki na tangazo la kazi. Likiruhusu kurukwa, aliruke. Lisiporuhusu kuendelea bila jibu, asimame hapo na aiandikie idara ya rasilimali watu kwa adabu: swali hili linahusu afya yangu, naomba kuendelea na ombi bila kulijibu. Jibu lao, au ukimya wao, nao ni ushahidi.

Asidanganye kwa kuandika "hapana". Uongo huo unaweza kumfuata hata kama swali lilikuwa haramu.

Akikataliwa, malalamiko EEOC ni bure na hayahitaji wakili. Muda ni siku 180 tangu kukataliwa, au 300 pale jimbo linapokuwa na chombo chake cha kushughulikia ubaguzi huo. Mpangie kana kwamba ana 180. Anaweza kuomba mkalimani. Tume ikimaliza na kumpa barua ya haki ya kushtaki, ana siku 90 tu za kufika mahakamani, na watu wengi hupoteza kesi nzuri hapo kwa kuiweka barua kabatini.

Akiomba ushauri wa marekebisho ya kazi, Job Accommodation Network hujibu bila malipo, mwombaji na mwajiri wote.

Muuguzi_Afya_ya_Akili:

La malori. Dereva wa magari makubwa hupimwa na mpimaji aliyesajiliwa, na fomu yake MCSA-5875 inauliza waziwazi kuhusu wasiwasi, sonona na matatizo mengine ya akili, pamoja na orodha ya dawa zote. Hiki ni kipimo cha kitabibu halali kwa sababu kanuni za usalama barabarani zinakitaka. Ajibu kweli, kila mstari.

Baipola haimfungii mlango yenyewe, wala lithiamu. Mpimaji anaamua mmoja mmoja, kama ugonjwa au dawa vinazuia kuendesha kwa usalama. Aende na barua ya daktari wake inayosema utambuzi wa ugonjwa, dawa na dozi, ametulia tangu lini, mara ya mwisho kulazwa kama ipo, kiwango cha karibuni cha lithiamu kwenye damu, na kwamba hasinzii kwa sababu ya dawa, wala hana mtetemeko wa mikono au kuchanganyikiwa kunakozuia kuendesha. Kuna fomu ya MCSA-5895 ambayo mpimaji anaweza kumtumia daktari anayeandika dawa, ni vema daktari ajue itakuja. Cheti cha juu kabisa ni miezi 24. Kwa ugonjwa wa namna hii mpimaji mara nyingi hutoa cha mwaka 1 au pungufu, na hiyo si adhabu.

Kwa dereva, kipimo cha dawa za kulevya lazima kipitie kwa daktari mhakiki. Mwajiri akimwambia ampigie daktari huyo, apige ndani ya saa 72, la sivyo jibu linaweza kuthibitishwa chanya bila yeye kusikilizwa. Namba ya simu anayoandika kwenye fomu iwe ile anayoipokea.

Wakili_Mombasa:

Kwa wanaosoma wakiwa Kenya: mitihani hiihii huuzwa huku pia. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu hata kwa anayeomba kazi, na kesi ikifika mahakamani mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukuwa na ubaguzi ni wa mwajiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaiweka hali ya afya kwenye data nyeti, na inampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalomwathiri sana. Kwa hiyo aliyekataliwa dakika chache baada ya kumaliza mtihani aandike barua akiuliza kama uamuzi ulifanywa na programu tu, na aombe mtu aupitie upya. Barua itaje tarehe ya mtihani, namba ya ombi na jina la kazi, na nakala abaki nayo.